Kwikwi

Gunia likidondoka, puu.
Kalamu ikigusa daftari, cha.
Puu, cha. Puu, cha. Tangu saa moja asubuhi,
gati namba tisa, Kilindini, kahawa ya Uganda
ikitua wavuni kutoka mabegani mwa makuli,
na Stambuli Mwinyihija, karani, kaketi juu ya kreti
akihesabu si gunia, bali kile kinachofuata gunia.

Watu husema alifundishwa na baharia.
Nilikuwepo, nikwambie. Baharia alikuja, kweli,
mrefu, kofia ya sufi, kutoka kisiwa cha miwa
upande wa pili wa dunia; akaacha santuri moja
kufidia deni la chupa mbili na samaki wa kupaka.
Tuliisikiliza kwa Bi Mkasi, gramafoni yenye sindano butu,
na Stambuli akacheka hadi akakohoa:
"Hawa nao wamefanya kazi bandarini!"

Mpiga dramu nilikuwa mimi. Nikamwambia,
Stambuli, unachelewa.
Akasema, sichelewi. Ni nyinyi mnaowahi.

Mwaka wa sitini na tatu, ukumbi wa Tononoka,
mashati meupe yaliyopigwa pasi kwa mkopo,
gitaa aliloliunga kwa gundi ya fundi viatu.
Wapigaji wote wa mji huu walikuwa wakifuma nyuzi
kama wasusi, kidole juu ya kidole, utamu usiokatika.
Yeye akakata.
Cha.
Kimya.
Cha.
Pale tunapovuta pumzi sisi, ndipo alipoingia yeye,
kama mgeni anayepiga hodi ilhali keshakaa ndani.

Watu wakasimama wima. Mmoja akapaza sauti,
"Hilo gitaa lina kwikwi! Lipeni maji!"
Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likamganda,
halikubanduka tena: Stambuli Kwikwi.

Ni Bi Mkasi aliyetuokoa. Alivua viatu, akakaza leso,
akaingia katikati akikanyaga
kama aliyekutwa na mchanga wa saa saba mchana,
goti juu, goti juu, na kufikia saa sita ya usiku
Tononoka nzima ilikuwa inaungua nyayo.

Tukapanda treni kwenda Nairobi kurekodi.
Nyimbo mbili. Tulilipwa noti chache na saa ya mkono,
moja, tugawane watu watano.
Kwenye lebo wakaandika Stanley.
Hakugombana. Alisema tu,
"Huyo Stanley akija, mpeni chai."

Malaika hakuwa. Mchoyo wa sigara.
Alimwoa Bi Mkasi, akamwacha, akamrudia, akaachwa yeye.
Kisha muziki ukageuka; hoteli zikataka nyimbo za kupokea wageni,
akazipiga miaka kumi na mmoja, Nyali, shati la maua,
na mara moja kila usiku, katikati ya wimbo wowote,
aliichomeka ile cha mahali isipoitwa.
Wageni hawakusikia. Nilisikia mimi.
Huo ndio uliokuwa mshahara wangu.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kushoto,
ule unaojua majina ya nyuzi.
Wa kulia ukabaki na kazi yake.
Nilimkuta Majengo, barazani, gitaa kalipakata,
nyuzi kaziziba kwa kitambaa,
hapana sauti ya juu wala ya chini,
mkwaruzo tu. Uani kwa jirani
msichana alikuwa akitwanga kisamvu.
Nikaketi. Safari hii sikusema umechelewa.

Wanawe wamenipa daftari lake la bandarini.
Kurasa kwa kurasa za vijistari,
vinne vimesimama, cha tano kimevilalia.
Nimezihesabu meli zote, sina kazi nyingine siku hizi.
Ipo moja, ya mwezi wa nane, imepungua gunia.
Sijui liliibwa,
au ndipo alipovuta pumzi.